UGOKO HAUKOMAZWI KWA CHUPA

(Mazungumzo ya mfanyakazi wa jamii na vijana wa karate, walimu wao na wazazi)



Leo sitazungumza juu ya kipindupindu wala juu ya foleni ya maji. Nataka tuzungumze juu ya mfupa wa mbele ya mguu, kati ya goti na kifundo, ambao tunauita ugoko au muundi. Katika zoni zetu kuna vijana wanaosugua ugoko kwa chupa, wengine wanaupiga kwa fimbo, wengine wanagongana ugoko kwa ugoko mpaka mmoja alie. Wanasema wanakomaza mfupa. Je, ni kweli mfupa unakomaa hivyo?

Kwanza tujue mfupa ni nini. Mfupa si ukuni mkavu. Ni kitu hai, chenye damu ndani yake. Ukiupa mzigo kidogo kidogo, unajijenga na kuwa imara zaidi pale unapobeba mzigo huo. Daktari mmoja wa Ujerumani, Julius Wolff, aliandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 1892. Kwa hiyo wanaosema mfupa unaweza kukomaa hawasemi uongo. Wanakosea njia tu.

Mwili hujenga mfupa kama fundi anayekarabati nyumba. Kwanza anabomoa sehemu iliyochakaa, kisha anajenga upya. Kazi hiyo huchukua miezi 3 hadi 4, pengine zaidi. Ukiupiga tena mfupa kila siku kabla fundi hajamaliza, unabaki na nyumba iliyobomolewa. Hapo unaingia ufa mdogo usioonekana kwa macho, na siku moja teke la kawaida linavunja mguu.

Utaniuliza: mbona anayesugua chupa anasema haumii tena? Ni kwa sababu amezoea maumivu. Maumivu ni kama sungusungu wa usiku. Ukimfukuza sungusungu, mlango wa nyumba yako haujawa mgumu zaidi. Umebaki bila mtu wa kukuamsha.

Mabondia wa Thailand wanasifiwa sana kwa ugoko wao. Wao hupiga teke mfuko mzito kwa miaka mingi. Zamani wengine walipiga mgomba, na mgomba ni laini, umejaa maji. Hata hivyo mfupa uliokomaa una mwisho wake. Tarehe 28 Desemba 2013 huko Las Vegas, Marekani, bingwa wa zamani Anderson Silva alimpiga teke Chris Weidman. Weidman alikinga kwa goti na ugoko wa Silva ukavunjika. Tarehe 24 Aprili 2021, Weidman mwenyewe alipiga teke katika pambano lingine, na wake pia ukavunjika. Hao ni watu wazima, wanaokula vizuri na wenye madaktari karibu. Sisi mgao wetu tunaujua, na hospitali ya upasuaji tunajua iko umbali gani.

Sasa watoto. Karibu na ncha za mfupa wa mtoto kuna sehemu laini za gegedu, na hapo ndipo mfupa unapokulia. Kwa wasichana sehemu hizo hufunga wakiwa na miaka 14 hadi 16 hivi, kwa wavulana 16 hadi 18 hivi. Zikiumia kabla ya hapo, mguu mmoja unaweza kubaki mfupi au kukua umepinda. Wapo wanaosema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya tabia, si ya mifupa.

Basi tufanye nini?

1. Aliye chini ya miaka 18 asigonganishwe ugoko kwa ugoko, wala asipigwe fimbo. Kuruka kamba, kukimbia na kucheza mpira vinatosha kuimarisha mfupa wake. Teke alipige kwenye kitu laini.

2. Tengenezeni mfuko kwa gunia la mgao lililojazwa matambara. Msijaze mchanga, kwa sababu mchanga hushuka chini na kuwa mgumu kama jiwe.

3. Pigeni mfuko siku 2 au 3 kwa wiki, na kati yake mguu upumzike. Ongezeni nguvu polepole, kwa miezi.

4. Kuleni dagaa, au ndagala kama wengi wetu tunavyosema, pamoja na mifupa yake. Kuleni maharage, sombe na mchicha. Aliyeshinda njaa asifanye mazoezi makali siku hiyo. Msichana ambaye hana mimba na hajaona siku zake kwa miezi 3 amwone muuguzi, kwani pengine mwili wake hauna chakula cha kutosha na mifupa inadhoofika.

Acha mazoezi na uende zahanati ukiona dalili hizi:

- Maumivu mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole, hasa yakiwa yanakusumbua unapotembea au usiku. Pengine ni ufa.

- Homa pamoja na maumivu ya mfupa. Nenda siku hiyo hiyo, kwa sababu wadudu wanaweza kuwa wameingia ndani ya mfupa.

- Mguu umevimba na kuwa mgumu, maumivu yanazidi, vidole vinakufa ganzi. Hii ni hatari ya saa chache. Usingoje asubuhi.

- Kidonda. Kioshe kwa maji safi na sabuni, kisha uulize kuhusu sindano ya pepopunda.

Mguu ukivunjika, msiukande, msiunyooshe, msiuchue kwa maji ya moto. Uwekeeni ubao na nguo laini, mfunge bila kukaza, mmbebe mgonjwa. Wazazi, najua tunawaheshimu wazee wanaounga mifupa. Lakini vijiti vikikazwa sana vinazuia damu, na mguu uliokosa damu unaweza kukatwa.

Walimu, nawageukia ninyi mwisho kwa sababu vijana wanawasikia kuliko wanavyotusikia sisi. Wengi wao wanakuja kwenu kwa kuwa hawana shule ya kuendelea nayo wala kazi ya kufanya, na mnawapa nidhamu. Tunawashukuru. Mwanafunzi akija anachechemea, mwambieni akae atazame. Mkisema hivyo ninyi, hataona haya mbele ya wenzake. Miguu hiyo ndiyo itakayobeba maji jioni, na ndiyo itakayotembea siku tutakapoondoka hapa.

Mwenye swali anione baada ya mkutano, au amwone mhudumu wa afya wa zoni yake.