Homa ya Dengi: Homa Ikishuka, Mwangalie Mtoto

Leo tunazungumzia homa ya dengi, inayoletwa na mbu anayeuma mchana. Mwaka 2013 ilienea Mombasa, na watafiti wameipata pia kwa watoto wa Ukunda.

Mtoto akipoa mwili tunashukuru. Lakini kwa dengi, homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, ndipo hatari inapoweza kuanza. Kwa nini?

Mshipa wa damu una utando ndani unaozuia maji ya damu yasitoke. Dengi kali hulegeza utando huo, na mshipa ukavuja kama mtungi wa udongo unaotokwa na jasho. Maji huingia tumboni na kifuani, damu inayobaki inakuwa nzito, na presha hushuka. Kwa nje huoni jeraha.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha jambo hili kwa panya mwaka 2015. Walidunga protini ya virusi vya dengi ndani ya ngozi ya mgongo, kisha wakatia kwenye mshipa rangi inayong'aa ikipigwa mwanga maalum. Palipokuwa na protini, rangi ilitoka mshipani ikang'aa ndani ya ngozi. Kumbe protini hiyo peke yake inaweza kuvujisha mshipa.

Mtoto wako hatatiwa rangi hiyo. Hospitalini hupimwa damu kuona kama inazidi kuwa nzito. Wewe nyumbani angalia dalili hizi:

- maumivu makali ya tumbo
- kutapika mfululizo
- kutoka damu puani au kwenye fizi
- mikono na miguu baridi
- kulegea, au kukosa utulivu
- kukojoa kidogo

Ukiona hata moja, mpeleke hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Mtoto mwenye homa apimwe malaria kwanza. Ikiwa hana malaria, usidhani hana kitu. Kwa homa mpe parasetamoli kwa kipimo ulichoelezwa. Usimpe aspirini wala ibuprofeni, huongeza hatari ya kutoka damu. Mnyweshe maji ya madafu, uji mwepesi au maji ya ORS, kidogo kidogo.

Na mapipa ya maji yafunikeni. Matairi na vifuu vya nazi msiviache vikajaa mvua.

Kumbuka: homa ikishuka, mwangalie mtoto siku mbili zaidi.