Mtetemo wa Atomu Katika Moto Mkali

 

Naomba kila mmoja atie kiganjani chumvi ya mawe kidogo. Itazame. Punje zake zina pande zilizonyooka kama vijisanduku, maana atomu zake, yaani chembe ndogo mno zilizoiumba, zimejipanga safu kwa safu. Kitu kilichojipanga hivyo huitwa fuwele. Chuma na shaba pia ni fuwele.

Msidhani atomu hizo zimetulia. Kila moja hutetemeka mahali pake mara milioni milioni kadhaa kwa sekunde moja.

Wataalamu huzihesabu kana kwamba zimeunganishwa kwa springi: ukisukuma moja, jirani zake huirudisha. Kitu kikiwa baridi, hesabu hii huleta majibu mazuri. Lakini iko titani, madini mepesi yenye nguvu yanayotumika katika ndege. Ikipata moto zaidi ya digrii 882 za sentigredi, atomu zake hujipanga upya: moja katika kila pembe ya kijisanduku, na moja katikati. Hesabu ya springi yasema mpangilio huo hauwezi kusimama. Atomu ikisogea kidogo, husukumwa mbali zaidi. Hata hivyo, ndani ya tanuru mpangilio husimama mpaka titani iyeyuke, karibu digrii 1668. Nani mwongo? Si tanuru.

Kosa ni kuhesabu atomu moja ikisogea huku jirani zake zimekaa kimya. Motoni hakuna jirani anayekaa kimya, na kusukumana kwao wote ndiko kunakoirudisha kila moja mahali pake.

Basi kompyuta hupewa mamia ya atomu pamoja na joto lake, ifuate mwendo wa kila moja, hatua kwa hatua. Gawanya sekunde mafungu milioni. Fungu moja uligawe tena milioni. Na moja la hayo uligawe elfu. Hatua moja ni kama kipande kimoja au viwili vya hapo! Mwishowe hupatikana rundo la tarakimu lisilosomeka kwa macho.

Mwaka 2017 Abel Carreras, Atsushi Togo na Isao Tanaka walitangaza programu iitwayo DynaPhoPy, ya kulichambua rundo hilo. Ni kama sikio la mpenzi wa tarabu: udi, fidla na ngoma hupigwa pamoja, naye husikia kila kimoja peke yake. Wala haikuitupa hesabu ya springi. Huitumia kujua maumbo ya mitetemo, kisha huuliza kila umbo latetemeka kwa kasi gani motoni, na ladumu muda gani kabla ya kuvunjika. Mitetemo inayodumu hulifikisha joto mbali. Inayovunjika upesi hulibwaga njiani. Kujua hayo humsaidia mhandisi anayebuni kifaa cha moto mkali.

Lakini kompyuta ikifuata mwendo kwa muda mfupi mno, programu hutoa jibu baya bila kuona haya.

Sasa mwalimu ataandika ubaoni: fuwele, mtetemo, springi. Yasomeni kwa sauti, kisha kila mtu aandike sentensi moja juu ya titani ya moto.