Usinunue Kisu kwa Kung'aa Kwake

(Mazungumzo na wanachama wa vikundi vya kujisaidia vya Thika na Ruiru)

Leo sina hotuba ndefu. Nimekuja na visu viwili na tupa moja. Vipitisheni mkono kwa mkono huku tukizungumza.

Wengine wenu mnakijua kisa hiki. Kuna kikundi cha akina mama hapa Ruiru ambao hupika kwenye harusi na matanga. Walichanga pesa wakanunua visu 24 vya jua kali, shilingi 250 kila kimoja, jumla shilingi 6,000. Waliambiwa, "Mama, hii ni chuma ya msumeno, haiwezi kuisha makali." Visu viling'aa, na mipini ya pembe ilipendeza. Kwenye harusi ya pili, nyama ilikuwa inararuliwa badala ya kukatwa. Mpini mmoja ukachomoka, mama mmoja akajikata kiganja. Kwa majuma matatu hakuweza kufua wala kulima. Na ni mimi niliyewashauri wanunue pale, bila kukagua hata kisu kimoja. Kwa hivyo somo hili mimi ndiye mwanafunzi wa kwanza.

Je, fundi aliwadanganya? La. Chuma kilikuwa cha msumeno kweli. Shida ilikuwa moto wa grainda.

Chuma cha msumeno huwa kigumu kwa sababu kilichomwa hadi kikawa chekundu, kikazimwa ghafla, halafu kikapashwa moto kidogo ili kisivunjike kama kioo. Kazi hiyo ilifanywa kiwandani. Fundi akikisaga polepole, akikichovya majini kila mara, ugumu unabaki. Akiharakisha, makali yanashika moto, yanageuka rangi ya buluu, na ugumu unakwenda. Rangi hiyo hutokea kwenye joto la nyuzi kama 300. Akipitisha msasa, buluu inafutika na kisu kinang'aa, lakini makali yamelainika. Kung'aa kunaonyesha kazi ya msasa tu.

Tena misumeno haifanani. Msumeno wa zamani wa seremala ni chuma kimoja mpaka kwenye meno. Ule wa duara wenye meno ya kubandikwa, ugumu mkubwa uko kwenye meno, na si lazima mwili wake ushike makali. Mwulizeni fundi, "Hiki kilitoka kwa msumeno gani?" Fundi mzuri hufurahia swali hilo.

Sasa tukague kisu kabla ya kutoa pesa.

1. Tupa. Ipitishe taratibu kwenye makali, karibu na mpini. Ikiteleza, au ikiuma kidogo tu, chuma ni kigumu. Ikila kwa urahisi na kutoa unga, chuma ni laini. Jaribu na karibu na ncha, maana pale ni pembamba na huungua upesi.

2. Kupinda. Mwambie fundi mwenyewe abonyeze ncha kwenye ubao, kisu kipinde kidogo. Kikirudi kunyooka, vizuri. Kikibaki kimepinda, ni laini mno. Fundi akikataa kujaribu, huenda anaogopa kitavunjika.

3. Kukata. Beba nyanya iliyoiva na kipande cha kamba ya katani. Kata kamba mara kumi, kisha kata nyanya bila kukandamiza. Kisu kipya chochote hukata mara ya kwanza. Tazameni ile ya kumi na moja.

4. Msuka, yaani kile chuma kinachoingia ndani ya mpini. Ukipita mpaka mwisho wa mpini na kushikwa na misumari miwili au mitatu iliyogongwa pande zote, hapo pana usalama. Msuka mfupi uliogandishwa kwa gundi tu ndio uliomkata mwenzetu.

Sumaku isiwadanganye. Hushika chuma laini na kigumu sawasawa.

Neno juu ya mipini ya pembe. Ulaya kuna mnyama mfano wa swala ambaye pembe zake huanguka kila mwaka, watu wakaziokota na kutengeneza mipini. Swala wetu haangushi pembe. Ukiambiwa mpini ni wa pembe ya swala, jua mnyama alikufa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na biashara ya bidhaa za wanyama pori mwaka 1978. Sheria ya mwaka 2013 inamwadhibu anayepatikana na nyara bila kibali. Chukueni pembe ya ng'ombe kutoka machinjioni, au mti mgumu uliokauka vizuri. Pembe isilowekwe kwenye maji moto, itapinda na kupasuka. Na chuma hiki hushika kutu: osha, panguza, paka mafuta kidogo ya kupikia.

Turudi kwa wale akina mama. Walitaka kwenda kumfokea fundi. Tukaenda, tukakaa naye. Akasema, "Mama, mlitaka bei ya chini na mlitaka kesho." Tukanyamaza, maana ilikuwa kweli. Alivisaga upya polepole, akichovya majini, mpaka akapita ile sehemu iliyoungua. Visu 19 vilipona, vitano vikakataa. Mipini yote akaifunga kwa misumari. Siku hizi kikundi kikiagiza, kwanza anatengeneza kisu kimoja, wanakijaribu juma zima jikoni, ndipo wanaagiza vingine. Wanaongeza shilingi 50 kwa kila kisu, na wanampa siku kumi.

Ndugu zangu, rahisi si kosa. Wengi wetu hatuna cha kununulia visu vya dukani vya bei kubwa, na shilingi tunayompa fundi wa Thika inabaki Thika. Lakini shilingi ya kikundi imetoka kwa mama anayeuza sukuma wiki. Tuikague kabla haijatoka mkononi.



Maswali ya kujadili kikundini:
- Mara ya mwisho tulinunua nini kwa pamoja, na nani alikikagua?
- Je, bei tunayomlazimisha fundi inampa nafasi ya kufanya kazi nzuri?
- Nani kati yetu atatunza tupa ya kikundi?