Mbele ya kubonyeza, tuulize kwanza: maneno yetu kwa vijana wa Kindu juu ya tovuti za wizi



Leo hatutaongea juu ya barabara wala juu ya umeme. Tutaongea juu ya kitu kinachoingia katika telefone zetu kila siku: kiungo, ile tunaita lien. "Wanatafuta watu wa kazi, bonyeza hapa." "Mega za bure, tuma kwa grupe kumi." "Bourse ya kusoma Kanada, jaza fomu leo, kesho wanafunga." Kijana aliyemaliza masomo na anakaa nyumbani mwaka wa pili bila kazi, akiona maneno kama hayo, anabonyeza. Tusimwite mjinga. Anatafuta kazi. Wezi wanajua hamu hiyo, na njo mlango wanapitia.

Mwisho wa fomu kuna mtego. Wanaomba franga za "dosie" kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Ao wanaomba ile kodi ya namba sita inayofungua WhatsApp yako. Ao wanakuambia upakue programu. Franga zikienda, mara nyingi ni franga za mama, za biashara yake ya soko. WhatsApp ikiibiwa, mwizi anavaa jina lako na kuomba pesa kwa mjomba, kwa shangazi, kwa kanisa zima.

Sasa je, namna gani kujua mbele ya kubonyeza?

Sifa ya tovuti inatoka wapi

Kwetu, mgeni akifika na mali ya kuuza kwa bei ya ajabu, watu wanauliza: "Ule mutu njo nani? Anatokea wapi? Nani anamujua?" Kwenye intaneti pia kuna wanaofanya kazi hiyo ya kuuliza. Wanakusanya habari juu ya kila anwani: imezaliwa lini, iko kwenye seva gani, jirani zake kwenye seva hiyo ni nani, ilishawahi kueneza virusi, nani ameilalamikia. Kisha wanaandika orodha.

Spamhaus ilianza mwaka 1998, ikiorodhesha watu wanaotuma barua taka. PhishTank ilianza 2006: watu wa kawaida wanaleta anwani za wizi, na wengine wanapiga kura kama ni kweli. Google iko na Safe Browsing, na orodha yake inatumiwa na Chrome, Firefox na Safari. Siku umefungua ukurasa na telefone ikageuka nyekundu yote na kukuonya, orodha kama hiyo njo imekusemesha.

Kati ya alama wanazoangalia, umri una uzito sana. Ofisi kubwa inayojulikana miaka na miaka haiwezi kuwa na tovuti iliyozaliwa Jumatatu iliyopita. Alama ya pili ni jirani: seva inayobeba tovuti hamsini za wizi, ya hamsini na moja inashukiwa. Ya tatu ni malalamiko, yaani mtu aliyeonja uchungu akasema.

Na ile kufuli ndogo kando ya anwani? Wengi wetu tulifundishwa kwamba kufuli ni usalama. Kufuli inasema kitu kimoja tu: maongezi kati ya telefone yako na tovuti yamefungwa, mtu wa katikati hawezi kuyasoma. Haisemi kama yule wa upande wa pili ni mwaminifu. Toka 2015 shirika la Let's Encrypt linatoa vyeti vya kufuli bure, na ni jambo zuri kwa wote. Mwizi naye anachukua chake.

Matundu ya orodha

Tungeweza kuishia hapa na kusema: tumieni orodha, mtakuwa salama. Tungekuwa tumewadanganya. Orodha ziko na matundu.

Tundu la kwanza ni wakati. Mwaka 2024 Google wenyewe walisema kwamba tovuti mbaya, kwa wastani, inaishi chini ya dakika 10. Lakini orodha iliyokuwa inakaa ndani ya telefone ilikuwa inabadilishwa kila dakika 30 mpaka 60. Mwizi alikuwa ameshakula na kuhama. Sababu hiyo waliongeza namna ya kuuliza pale pale, wakati unafungua ukurasa. Lakini Chrome ambayo haikufanyiwa mise à jour toka zamani, juu mega ni kidogo, inabaki na ulinzi wa zamani. Ukifungua ukurasa na hakuna onyo jekundu, usiseme "basi ni safi". Pengine orodha haijafika bado.

Tundu la pili: sifa inashikamana na jina, na jina linaweza kubadilisha mwenyewe. Mfano uko hapa kwetu. Anwani zilizoandikishwa chini ya jina la nchi yetu zinaishia na .cd. Ili telefone ijue tovuti ya .cd iko wapi, inauliza seva fulani zinazoshika daftari la nchi. Mwisho wa 2020, jina moja ambalo baadhi ya seva hizo zilikuwa zinalitegemea liliachwa mpaka muda wake ukaisha. Mtu yeyote duniani angeweza kulinunua. Aliyelinunua ni Fredrik Almroth, mtafiti wa Sweden, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Detectify. Alilichukua ili mwizi asilichukue, akawajulisha wanaosimamia .cd, na Januari 2021 akaeleza wazi. Alisema karibu nusu ya maswali ya .cd yangepitia mkononi mwa mwenye jina hilo. Fikirini: tovuti za serikali, za benki, za vyombo vya habari, zote na sifa nzuri, na orodha zote zinasema "safi", lakini njia ya kufika kwazo imeshikwa na mwingine. Safari hii alikuwa mtu mwema.

Tundu la tatu: orodha inaweza kumwonea asiye na kosa. Kwa miaka kampuni moja, Freenom, ilikuwa inagawa bure majina ya .ga ya Gabon, .cf ya Afrika ya Kati, .ml ya Mali na mengine. Kitu cha bure kisicho na mlinzi, wezi walikijaza. Mwaka 2023 Gabon ilirudisha .ga mkononi mwake na mamilioni ya majina yakafutwa. Lakini kijana mwaminifu aliyefungua tovuti ya asosiasio yake kwa jina la bure, juu hakuwa na dola kumi za kununua .com, alikuwa anaitwa mwizi sababu ya jirani zake. Basi alama ya jirani pekee haitoshi kumhukumu mtu.

Tundu kubwa ni ukimya wetu

Sikilizeni vizuri hapa, juu njo sababu tumewaita.

Wanaoandika orodha wanatumia mashine zinazotembea katika kurasa zilizo wazi, na wanapokea ripoti za watu. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kati ya anayetuma na anayepokea. Mashine zao haziingii katika grupe ya promosio yenu, ya kwaya yenu, ya avenue yenu. Kiungo kilichoandikwa kwa Kiswahili chetu, kikitaja kazi ya hapa Maniema, kinaweza kuzunguka kutoka Kindu mpaka Kasongo na Kibombo bila mtu hata mmoja wa Spamhaus ao wa Google kukiona.

Kinaonekana siku moja tu: siku mtu aliyekipokea anaripoti.

Na sisi tunafanya nini? Tunaona ni wizi, tunacheka, tunafuta, tunanyamaza. Ao aliyeibiwa anaona haya, hasemi hata nyumbani. Kiungo kinaenda kwa mwingine. Sifa kwenye intaneti ni ushuhuda, na mji usiotoa ushuhuda hauna ulinzi wa orodha. Wenye miji mikubwa ya Ulaya wanaripoti kila dakika, na orodha zinajua wezi wao. Wezi wetu wanatembea na jina safi juu sisi hatujasema.

Tufanye nini, kuanzia leo jioni

Moja: kiungo kikiingia, tusikitume mbele. Hata kikitoka kwa pasta, kwa mwalimu, kwa dada yako. Pengine WhatsApp yake imeshaibiwa.

Mbili: tusome anwani kutoka kulia. Tafuteni mkato wa kwanza wa / baada ya jina, kisha rudini nyuma. Tuseme imeandikwa un.org.kazi-kindu.example/fomu. Mwenye nyumba hapo ni kazi-kindu.example. Ile "un.org" ya mbele ni rangi tu wamepaka mlangoni. Na mjue: Umoja wa Mataifa hauombi hata franga moja kwa mtu anayetafuta kazi, hatua yoyote.

Tatu: tuulize umri. Nendeni lookup.icann.org, andikeni jina, mtaona siku lilipoandikishwa, kwa majina kama .com na .org. Jina la siku tano linaloahidi kazi ya miaka mitano, liacheni.

Nne: tuulize mashahidi wawili, si mmoja. VirusTotal inapitisha anwani kwa orodha nyingi mara moja. Ripoti ya uwazi ya Google, transparencyreport.google.com, inajibu juu ya Safe Browsing. Lakini angalisho: unachoweka VirusTotal wengine wanaweza kukiona. Msiweke humo barua zenu za siri, wala kiungo chenye kodi yako ya kufungulia akaunti.

Tano: tuweke mlinzi mlangoni. Telefone ya Android 9 na kuendelea iko na sehemu inaitwa "DNS privé" ndani ya Paramètres, upande wa réseau. Andikeni dns.quad9.net. Quad9 ni shirika lisilotafuta faida, lilianza 2017, liko Uswisi, bure kabisa. Jina likiwa katika orodha zake za wizi, ukurasa haufunguki.

Sita, na hii ni kubwa kuliko zote: turipoti. Safe Browsing iko na ukurasa wa kupokea ripoti za phishing, na inachukua dakika mbili. Tunaomba kila grupe ya WhatsApp ichague watu wawili. Asiye na mega awatumie anwani, lakini aandike "nukta" pahali pa alama ya nukta ili mtu asibonyeze kwa bahati mbaya. Wale wawili wanakagua, wanaripoti, kisha wanarudisha jibu katika grupe: "Hii ni wizi, tumeripoti." Ao: "Hatujaona ubaya, lakini jina ni la siku tatu, tungojeni."

Na aliyeshaibiwa? Asione haya. Abadilishe namba ya siri, apigie simu kampuni ya pesa zake mara moja, aambie familia. Nchi yetu iko na Sheria ya Dijitali toka tarehe 13 Machi 2023, na makosa ya mtandao yamo ndani. Mtu anaweza kushitaki. Ahifadhi picha za ujumbe, anwani nzima, na namba iliyopokea pesa.

Orodha isiwe fimbo

Neno la mwisho. Watasema: basi serikali ifunge tovuti zote mbaya. Sisi hatuombi hivyo. Tunakumbuka tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, na tulikaa karibu wiki tatu gizani. Anayepewa kisu cha kukata mwizi anaweza kukata pia mdomo wa raia. Orodha tunayoikubali ni ile inayoonyesha sababu, inayoweza kuulizwa, na inayomruhusu aliyeonewa kuomba jina lake litolewe. Na sisi tunaporipoti, turipoti wizi tu. Kuripoti tovuti ya mtu juu hatupendi siasa yake ni kuharibu ushuhuda wetu wenyewe, na siku tutasema kweli hakuna atakayetuamini.

Wandugu, kazi hii haiombi bajeti wala ruhusa ya meya. Inaomba dakika mbili na watu wawili kwa kila grupe. Leo jioni, mbele ya kulala, kila mmoja achukue kiungo kimoja cha mashaka kilichoko katika telefone yake. Asikibonyeze. Akiulize umri, akiulize mashahidi, akiripoti. Kesho mtu wa Alunguli akikipokea, ule ukurasa mwekundu umkute mlangoni, na ajue kuna mwenzake amesema.