Programu ya Simu Inapoomba Namba za Wanachama

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)

Leo tuongee juu ya simu ya mweka hazina. Ndani yake mna namba za wanachama wote, jumbe za M-Pesa za michango, pengine hata picha za vitambulisho. Simu ni yake, lakini vilivyomo ni vyetu sote.

Wengi hufikiri programu huomba ruhusa kabla ya kuingia intaneti. Haiombi. Kwa simu za Android, ambazo ndizo nyingi kwetu, ukishaiweka tu, njia ya intaneti inayo tayari. Kwa hivyo tujiulize: ikitoka nje, itatoka imebeba nini? Hapo una uwezo, maana kuchukua namba, jumbe, picha na mahali ulipo ni lazima ikuombe kwanza.

Habari za programu za mikopo mmezisikia. Mtu ana shida ya karo, anabonyeza kubali, kubali, pesa zinaingia. Akichelewa kulipa, jirani huko Njoro, shemeji huko Molo na mwenyekiti wa chama wanapigiwa simu na kutishwa kwa deni wasilolijua. Hawakumdhamini mtu! Namba zao zilichotwa tu. Mimi huo nauita wizi.

Mambo haya yalifika mbali. Sheria ya kulinda data ilipitishwa mwaka 2019, na mwaka 2022 Benki Kuu ikaanza kuwapa leseni wakopeshaji wa simu. Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia vitisho. Google nayo, kuanzia 31 Mei 2023, ilizikataza programu za mikopo zilizo katika duka lake kugusa namba na picha za mtu. Lakini ile unayotumiwa kwa WhatsApp, ubonyeze upakue, haikupitia dukani. Hiyo msiiguse.

Sasa fungueni Mipangilio, halafu Programu, halafu Ruhusa. Kikokotoo kinataka namba za watu za nini? Zima. Programu ya hali ya hewa kujua mahali ulipo, sawa, mkulima wa Subukia ana haja nayo. Kusoma jumbe zako, hapana. Ile uliyoiacha tangu mwaka jana, ing'oe kabisa. Unaweza pia kuizuia programu isitumie data wakati hujaifungua, na bando litadumu kidogo.

Kabla ya kukopa, ulizeni jina la kampuni, mlitafute katika orodha ya Benki Kuu ya wenye leseni. Na kama kuna aliyekwisha kusumbuliwa, asizifute zile jumbe za vitisho. Apeleke malalamiko kwa Kamishna wa Data, ambaye kisheria ana siku 90 za kumaliza uchunguzi. Katibu wa kikundi amsaidie kuandika.