Kura Ilipopotezea Uzito

Hapa Karachuonyo, kila uchaguzi ukikaribia, lawama ya kwanza humwangukia mpiga kura. Anaambiwa ameuza haki yake kwa noti ya mia mbili au paketi ya unga, na kwamba kesho haimhusu. Lawama hiyo imeanzia mahali pasipo pake. Anayepokea noti hiyo amepiga hesabu: ameweka ahadi ya miaka mitano upande mmoja na chakula cha jioni upande wa pili, akakumbuka ni ahadi ngapi zilizowahi kumfikia, akashika kilichopo. Kosa lake lipo, nami nitalifikia. Lakini tukitaka aache, sharti kwanza tujue kura yake ilipotezea wapi uzito.

Mama anayeanika omena juu ya nyavu kuukuu hununua kwa beseni alfajiri na kuuza kwa gorogoro. Faida yake hutegemea jua, gugumaji na nauli. Mvua ikinyesha kabla omena haijakauka, chakula cha watu kinaishia kuwa chakula cha kuku. Mwaka 2018 mafuta ya taa yaliongezewa tozo ya shilingi 18 kwa lita. Julai 2023 ushuru wa VAT kwenye mafuta ukapanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Hizo ni sheria zilizopigiwa kura bungeni Nairobi, zikashuka hadi kwenye injini ya mtumbwi na matatu ya kwenda Oyugis. Mama huyu anajua vizuri kwamba siasa hugusa sufuria yake. Asichokiona ni njia ambayo sufuria yake nayo itaigusa siasa.

Njia hiyo imezibwa mara nyingi na mvutano wa wakubwa. Mwaka 2019 Bunge la Taifa lilitaka kaunti zigawiwe bilioni 310, Seneti ikang'ang'ania 335, na fedha zikasubiri hadi walipokutana kwenye bilioni 316.5. Mwaka uliofuata Seneti yenyewe ilishindwa kikao baada ya kikao kupitisha fomula ya mgao, hata magavana wakatangaza kufunga shughuli za kaunti Septemba. Kisha ikaja tume ya uchaguzi. Kuanzia Januari 2023 IEBC ilikaa bila mwenyekiti, kwa sababu ya mabishano kuhusu nani aingie kwenye jopo la uteuzi, halafu kesi, hadi Julai 2025. Wananchi wa Banissa walifiwa na mbunge wao Machi 2023, wakapiga kura ya kumpata mwingine Novemba 2025. Katika muda wote huo walilipa ushuru kama kila Mkenya. Tusishangae basi kwamba waliojitokeza kupiga kura nchini walishuka kutoka takriban asilimia 86 mwaka 2013 hadi 65 mwaka 2022. Dhiki humfundisha mtu kuthamini kidogo kilicho hakika. Mkwamo humfundisha kwamba kikubwa hakiji. Mafunzo haya mawili yakikutana ndani ya mtu mmoja, mnunuzi wa kura hana kazi kubwa.

Wapo watakaosema dawa ni umoja: tupige kura ya suti nzima, chama kimoja kuanzia rais hadi mwakilishi wa wadi, tuwe na sauti mezani. Hoja hii siidharau. Jamii iliyokaa nje ya serikali kwa miongo mingi ina sababu ya kushikamana, na mshikamano huo umetuletea mengi, ugatuzi ukiwemo. Lakini mgombea anayejua ameshinda tangu siku ya mchujo hana haja ya kueleza zahanati imekosa dawa kwa nini. Tunaweza kushikamana kwenye kura ya rais na bado tukampima mwakilishi wa wadi kwa kazi yake.

Wengine watasema mkwamo umekwisha, kwa kuwa vyama vikuu vimekaa pamoja. Ni kweli: Agosti 2024 John Mbadi, mwana wa kaunti hii, aliapishwa kuwa Waziri wa Fedha, na Machi 2025 UDA na ODM vikatia saini makubaliano. Hata hivyo magavana wameendelea kulalamikia mgao kuchelewa. Wakubwa kupatana ni jambo moja, na kazi ya umma kukwamuka ni jambo jingine. Wanapopatana sana, anayebaki wa kuwauliza maswali ni nani? Mwananchi.

Sasa kosa la anayepokea. Ni kudhani kwamba kwa kuwa Bunge la Nairobi halimsikii, hakuna mahali anaposikika. Juni 2024 vijana waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaufafanua kwa lugha za nyumbani, wakaandamana. Bunge likaupitisha tarehe 25, na kesho yake rais akakataa kuutia saini. Damu ilimwagika, na hakuna ajuaye thamani ya watoto wale kuliko mama zao. Njia ya wadi haidai damu. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inaitaka kaunti ifikishe makadirio yake kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na Katiba inataka wananchi washirikishwe. Kikao cha kuwashirikisha mara nyingi hujaa wanaosubiri nauli na soda, au hubaki kitupu. Tukijaze kwa maswali. Mwakilishi wetu aulizwe hapa ufuoni, kwa Dholuo na kwa Kiswahili, zahanati ipi, mtaro upi, shilingi ngapi, na lini. Jibu lake liandikwe kwenye daftari la BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, palepale panapoandikwa kilo za samaki wa siku, na daftari hilo lifunguliwe mbele yake atakaporudi kuomba kura Agosti 2027.