NCHI JIRANI: WAZEE WA KENYA NA DAFTARI LA MADENI

Tangu mwezi wa Novemba 2012, huduma ya M-Shwari ilipoanzishwa nchini Kenya, mkopo umekuwa jambo lisilomlazimu mtu kwenda benki na kuonana na meneja. Huombwa kwa simu na kutolewa kwa dakika chache. Urahisi huo umewafaa wengi, lakini umeleta hatari mpya kwa wazee. Mzee anayempa mjukuu wake simu pamoja na namba ya siri, ili amsaidie kupokea fedha, amempa pia uwezo wa kukopa kwa jina lake. Deni lisipolipwa, anayeandikwa si mjukuu, bali ni yule ambaye laini ilisajiliwa kwa kitambulisho chake.

Daftari linaloandikwa madeni hayo ni la taasisi za taarifa za mikopo. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2008, na taasisi ya kwanza ilipewa leseni na Benki Kuu ya Kenya mwaka 2010. Miongoni mwa taasisi hizo ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Jina likiisha kuandikwa kwa ubaya, mzee anayetaka mkopo wa mbegu au wa matibabu ya mkewe aweza kukataliwa.

Ni kweli kwamba hatua zimechukuliwa. Mwaka 2020 madeni yasiyofikia shilingi 1,000 yalizuiwa kupelekwa katika daftari hilo. Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa mabenki kuwapunguzia wadaiwa wa mikopo ya simu angalau nusu ya deni. Hata hivyo, msamaha humfaa anayejua kwamba anadaiwa. Asiyejua hana la kuomba.

Zipo huduma za kumwarifu mtu kila jina lake linapoguswa, nyingine kwa ada. Lakini kabla ya kulipa, yafaa wazee na watoto wao wajue kwamba kanuni za Kenya humpa kila mteja haki ya kupata ripoti yake bure mara moja kwa mwaka. Huduma ya kulipia iwe nyongeza tu, nayo ipimwe kwa maswali matatu. Je, inatolewa na taasisi yenye leseni? Je, taarifa humfikia mzee katika simu yake ya kawaida, kwa lugha anayoielewa? Je, akikuta deni asilolijua, yupo wa kupokea malalamiko yake na kuyashughulikia? Ama anayedai namba ya siri kwa kisingizio cha ulinzi, huyo si mlinzi. Ndiye mwizi mwenyewe.

Hapa Tanzania pia taasisi za namna hiyo zipo, kwa leseni za Benki Kuu, na wajukuu wanaoshika simu za babu na bibi zao ni wengi. Kwa hiyo haya ya Kenya yasisikilizwe kama habari za jirani tu. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.